Mkia wa Neno: Mwongozo Kamili wa Tahajia ya Miisho ya Kiingereza kwa Msomaji wa Lubumbashi

Barua nyingi za Kiingereza zinazoandikwa Lubumbashi zina kichwa kizuri na mkia mbovu. Mtu anapata "begin" bila shida, kisha anaandika "begining". Anajua "develop", lakini mkono unamletea "developpement". Mwanzo wa neno la Kiingereza hautulii kwa matamshi ila unatulia kwenye karatasi. Ukiukariri mara moja umemaliza. Mwisho wake ndio unaobadilika kila neno linapopewa kazi nyingine: wakati uliopita, wingi, cheo cha mtu, kielezi. Na huo mwisho ndio mtu wa bilo ya Kitwe au Ndola, huko Zambia, anaouona kwanza akifungua fakture, e-mail au CV iliyovuka mpaka wa Kasumbalesa.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyesoma kwa Kifaransa na kuongea Kiswahili nyumbani, na sasa anahitaji Kiingereza cha kuandika: deklaranti wa duane, mfanyabiashara, fundi anayeomba kazi kwenye kampuni ya madini, mwanafunzi anayejiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Andaa kaye moja ya kurasa 100, biki ya bluu na biki nyekundu, simu yenye kinasa sauti, na dakika 25 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 6. Kamusi ya simu isiyohitaji intaneti inasaidia, ila si lazima.

Kosa lako linatoka wapi?

Kabla ya kanuni, jua adui anaingilia mlango gani. Kosa la mkia lina chanzo kimoja kati ya vitatu, na kila chanzo kina dawa yake. Tuvipe herufi, maana utaziandika pembezoni mwa kaye: S, F na K.

S ni Kiswahili. Lugha yetu inaandikwa kama inavyosikika, na sikio letu limezoea kuliamini. Kiingereza kinalisaliti sikio hilo. Mkia wa wakati uliopita ni mmoja tu kwenye karatasi, -ed, lakini mdomoni una sauti tatu: "worked" inaishia na sauti ya t, "called" na sauti ya d, "wanted" na silabi nzima ya id. Anayeandika anachosikia ataleta "workt", "calld" na "wantid". Vivyo hivyo -s ya wingi: "books" inasikika s, "bags" inasikika z, na bado herufi ni ile ile. Mkia unaandikwa kwa kazi yake, haujali sauti yake.

F ni Kifaransa. Maneno mengi sana ya bilo unayajua tayari kutoka Kifaransa, na hiyo ni bahati kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Tatizo ni kwamba yamevaa mkia wa huko: "responsable", "payement", "indépendance".

K ni kanuni yenyewe ya Kiingereza ambayo hujaishika: kurudia konsonanti, kuondoa e, kugeuza y.

Kata neno kabla ya kuliandika

Jizoeze kuchora kistari kati ya shina na mkia: hope|ing, carry|ed, ship|ment. Mwanzoni kichore kwa biki. Baada ya wiki mbili kitajichora kichwani. Kisha angalia pande mbili za kistari: upande wa kushoto herufi tatu za mwisho za shina, upande wa kulia herufi ya kwanza ya mkia. Karibu kila kitu kinaamuliwa hapo. Ni kama mzigo wa lori: unaweza kupita barabara nzima bila neno, ukaguzi uko mpakani.

Mikia iko kambi mbili. Inayoanza na irabu: -ing, -ed, -er, -est, -able, -ous, -age, -al, -ance, na -y nayo ihesabu humo. Inayoanza na konsonanti: -ment, -ful, -less, -ness, -ly, -ty, -s. Ukikosea kambi, utakosea neno, hata ukijua kanuni zote zinazofuata.

E bubu

Linganisha "hop", kuruka kwa mguu mmoja, na "hope", kutumaini. Ile e ya mwisho haitamkwi, lakini inafanya kazi: inaifanya o itamkwe kwa jina lake la alfabeti. Sasa ukileta mkia wa irabu, mkia huo unaifanya kazi hiyo hiyo, kwa hiyo e inapewa ruhusa ya kuondoka: hoping, used, driver, noisy, storage, arrival. Ukileta mkia wa konsonanti, hakuna wa kuishika nafasi, e inabaki: hopeful, useless, movement, safety, careful.

Watu hukariri sheria hii kisha wanashangaa kuona "noticeable", "replaceable", "manageable", "courageous". Hapa mtu aliyesoma Kifaransa ana faida. Kumbuka kwa nini tunaandika "nous mangeons" na e, na "nous commençons" na cédille: kuilinda sauti laini ya g na c mbele ya a au o. Kiingereza hakina cédille, kwa hiyo e bubu inaajiriwa kazi hiyo. Mbele ya i hakuna hatari, ndiyo maana tunarudi kwenye kawaida: noticing, replacing, managing.

Shina linaloishia na ee haliachi kitu mbele ya -ing: seeing, agreeing, freeing. Kwenye wakati uliopita linaongeza d peke yake: agreed, freed. Shina la -ie linageuka y mbele ya -ing, kwa sababu Kiingereza hakipendi i mbili kukaa pamoja: die inatoa dying, lie inatoa lying, tie inatoa tying. Angalia hapa kama unauza vitenge: "dyeing", kutia rangi kitambaa, inaitunza e yake makusudi, kwa sababu "dying" ni kufa. Kibao cha dukani kikikosa herufi hiyo moja, mteja wa Chingola atakisoma vingine kabisa.

Waasi ni wachache, wakariri tu: truly, duly, wholly, ninth, awful, argument. Huyo wa mwisho Mfaransa anamwandika vile vile, kwa hiyo kwako si mwasi. "Judgement" na "judgment" zote mbili zinakubalika Uingereza; chagua moja na usiibadilishe katikati ya barua.

Kurudia konsonanti

Hapa ndipo makosa mengi zaidi yanapozaliwa, basi tupunguze mwendo. Anza na maneno mafupi. Tumia hesabu ya moja-moja-moja: shina lina silabi moja, irabu moja, na konsonanti moja mwishoni. Yote matatu yakitimia na mkia ukiwa wa irabu, konsonanti hiyo inaandikwa mara mbili. Stop inatoa stopped, stopping. Plan inatoa planned, planning, planner. Ship inatoa shipped, shipping, shipper. Lakini "shipment" ina p moja, maana -ment ni mkia wa konsonanti. Maneno haya mawili, shipped na shipment, yanakaa kwenye karatasi moja ya duane kila siku, na mara nyingi moja wapo limekosewa.

Sharti moja likikosekana, hakuna kurudia. Load ina irabu mbili: loading, loaded. Pack na start zina konsonanti mbili mwishoni: packing, started. Herufi w, x na y hazirudiwi kamwe: showing, fixed, taxed, played. Mtego mdogo ni quit. Ile u baada ya q hutamkwa kama w, haihesabiwi irabu, kwa hiyo inabaki i peke yake na tunapata quitting.

Sababu ya kurudia ni ile ile ya e bubu, ukiitazama kutoka upande wa pili. Konsonanti mbili ni ukuta unaozuia mkia usiibadilishe irabu ya shina. Ondoa ukuta, na neno linakuwa jingine. Jozi hizi ziandike ukurasa mzima, kila moja na sentensi yake:

filing ni kupanga hati kwenye faili, filling ni kujaza;
hoping ni kutumaini, hopping ni kurukaruka;
taping ni kufunga kwa mkanda wa gundi, tapping ni kugonga kidogo au kuchota;
planed ni ubao uliopigwa randa, planned ni jambo lililopangwa;
scared ni aliyeogopa, scarred ni mwenye makovu;
bared ni kilichowekwa wazi, barred ni kilichozuiwa.

Kompyuta haitakusaidia katika jozi hizi. Kwake yote ni maneno sahihi, haina haja ya kuweka mstari mwekundu.

Maneno marefu yanaongeza sharti la nne, mkazo, na ndilo linalotutesa zaidi. Mswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri: ba-RU-a, m-ZI-go. Mfaransa anausukuma mwisho. Kiingereza kinauweka kinapotaka, na tahajia inaufuata: konsonanti inarudiwa kama silabi ya mwisho ya shina ndiyo yenye mkazo. Anayetamka BE-gin kwa mdomo wa Kiswahili ataandika "begining" bila kosa la mantiki. Amekosa mkazo tu. Neno ni be-GIN, kwa hiyo beginning. Anayetamka vi-SIT kwa mdomo wa Kifaransa atarudia t bure. Neno ni VI-sit, kwa hiyo visited, visiting.

Jifunze haya kwa makundi mawili, ukiyasema kwa sauti na kupiga meza pale penye mkazo. Kundi la kwanza, mkazo mwishoni, konsonanti mbili: beginning, referred, occurred, preferred, transferred, permitted, admitted, committed, controlled, regretted. Kundi la pili, mkazo mapema, konsonanti moja: opened, offered, entered, visited, delivered, ordered, limited, deposited, benefited, targeted, marketing.

Ukishaelewa kwamba mkazo ndio bwana, utaelewa kwa nini "referred" ina r mbili na "reference" ina moja. Mkia umeuhamisha mkazo: re-FER, lakini REF-e-rence. Hali ni hiyo kwa preferred na preference. "Occurrence" inazitunza r zote mbili kwa sababu mkazo haukuhama.

Halafu kuna l. Uingereza huirudia hata mkazo ukiwa mbali: travelled, cancelled, labelling, fuelled. Marekani hairudii: traveled, canceled. Zambia iko upande wa Uingereza, kwa hiyo fakture inayoelekea kusini iandikwe "cancelled". "Worshipped" na "kidnapped" nazo zinarudia p bila kufuata mkazo, na hizo zikariri tu.

Neno moja kuhusu c: shina likiishia na c ngumu, weka k kabla ya mkia unaoanza na e, i au y. Panic inatoa panicked, traffic inatoa trafficking. Bila k, c ingetamkwa s.

Y kugeuka i

Angalia herufi iliyo kabla ya y. Ikiwa konsonanti, y inageuka i: carry inatoa carries, carried, carrier; country inatoa countries; happy inatoa happiness, happily; deny inatoa denial. Ikiwa irabu, y inakaa: delays, delayed, keys, employer, payment.

Mbele ya -ing, y haigeuki kamwe, ili i mbili zisigongane: carrying, studying, copying. Kosa la "studing" ni la kuondoa y badala ya kuiacha. Husababishwa na haraka, na linarekebishika ukikumbuka kwamba hapa shina zima linaandikwa, halafu mkia unafuata.

Waasi: paid, said, laid, daily. Majina ya watu hayabadiliki kwa wingi. Ukoo wa Kennedy ni "the Kennedys".

Wingi, kwa ufupi

Ongeza -s. Neno likiishia na s, x, z, sh au ch, ongeza -es, na sikio lako litakubali kwa sababu linasikia silabi mpya: buses, boxes, dishes, batches. Ch inayotamkwa k inachukua -s peke yake: stomachs.

Miisho ya -o inasumbua. Vyakula na wadudu wa sokoni wanapenda -es: tomatoes, potatoes, mangoes, mosquitoes. Maneno yaliyofupishwa na ya vyombo yanataka -s: photos, kilos, radios, videos. Miisho ya -f inagawanyika: knives, leaves, halves, shelves, thieves, lives zinageuka, roofs, chiefs, proofs, beliefs hazigeuki. "Safes", makabati ya fedha, nayo haigeuki. "Saves" ni kitenzi.

Mkia wa Kifaransa na mkia wa Kiingereza

Sehemu hii ndiyo hazina yako. Msemaji wa Kiswahili wa Lusaka asiyejua Kifaransa hukariri maneno haya moja moja. Wewe unabadilisha mkia tu na mamia ya maneno yanafuata. Andika ukurasa mmoja kwa kila mkia.

Mikia yenye utii ni hii. Té inakuwa -ty: sécurité, security, quantité, quantity. Aire inakuwa -ary: salaire, salary, secrétaire, secretary, nécessaire, necessary. Oire inakuwa -ory: laboratoire, laboratory, obligatoire, obligatory. If inakuwa -ive: actif, active, positif, positive. Eux inakuwa -ous: dangereux, dangerous, nerveux, nervous. Ique inakuwa -ic au -ical: publique, électrique na pratique zinatoa public, electric na practical.

Sasa mitego. Ya kwanza ni -ment. Mfaransa ana e kabla yake, Mwingereza anaishika kitenzi chake na kukibandika -ment bila nyongeza. Tafuta kitenzi: govern, government, develop, development, pay, payment, equip, equipment. Kitenzi chenye e bubu yake kinaitunza: move, movement, manage, management. "Environment" ina n moja kabla ya m na haina e hapo katikati. Sikio huiruka hiyo n, mkono uiandike.

Ya pili ni -ance na -ence, ambazo mdomoni hazitofautiani hata kwa Mwingereza mwenyewe. Nyingi zinafuata Kifaransa: distance, assistance, résistance, présence, résidence zinabaki na herufi ile ile, bila alama za juu. Chache zinakataa, na ndizo za kukariri: indépendance inakuwa independence, correspondance inakuwa correspondence, subsistance inakuwa subsistence, na vivumishi vyake independent na dependent. Uingereza ina pia "dependant" yenye a, ila hiyo ni nomino: mtu unayemlisha, kama mtoto anayeandikwa kwenye fomu ya kazi.

Ya tatu ni -able na -ible. Ukiondoa mkia na neno kamili la Kiingereza likabaki, mara nyingi ni -able: payable, acceptable, reliable. Likibaki gofu, mara nyingi ni -ible: possible, visible, eligible, terrible. Waasi wapo, kama accessible na convertible, lakini Kifaransa kinakupa jibu hilo hilo. Mwasi wa F ni mmoja mkubwa, na yuko kwenye kila CV ya Lubumbashi: responsable kwa Kifaransa, responsible kwa Kiingereza. Nomino yake pia inabadilika: responsabilité, responsibility.

Ya nne ni -eur. Ukiwa na -teur, jaribu -tor: directeur, director, inspecteur, inspector. Lakini importateur na exportateur ni importer na exporter, tena transporteur ni transporter, na contrôleur ni controller. Anayeandika "importator" ameijenga vizuri, ila neno hilo Kiingereza hakina. Maneno ya -eur yasiyo ya watu yanakuwa -our kwa Uingereza: couleur, colour, honneur, honour, faveur, favour. Erreur, horreur na terreur zinatoa error, horror na terror, pande zote mbili za bahari. Ukiongeza -ous, u inaondoka hata Uingereza: humour, humorous, vigour, vigorous.

Ya tano ni mikia ya sauti ya shen. Kwa sehemu kubwa Kifaransa na Kiingereza vinaandika sawa: information, mission, décision. Angalia connexion na réflexion, ambazo kwa Kiingereza ni connection na reflection. Ukitoka kwenye kitenzi: -mit inatoa -mission, kama permission na admission, -d au -de mara nyingi inatoa -sion, kama extension na decision, -te inatoa -tion, kama translation. Attention na intention zinavunja mwendo huo wa -d. Mtu mwenye ujuzi ni -cian, kutoka -cien: technician, electrician, politician. Ila mécanicien ni mechanic, amepoteza mkia wote.

Mikia midogo inayoangusha watu

Full ina l mbili ikiwa peke yake, na l moja ikiwa mkia: careful, useful, successful. Ukiongeza -ly, l mbili zinarudi, kwa sababu kila upande umeleta yake: careful|ly. Kistari kinaonyesha wazi. Maneno ya -le yanaangusha e na kuchukua y: simple, simply, possible, possibly. Maneno ya -ic yanachukua -ally: basically, automatically. Anayekaidi ni mmoja wa kukumbuka, publicly.

Vitenzi vya sauti ya siid: supersede peke yake ina -sede, exceed, proceed na succeed peke yake zina -ceed, vilivyobaki ni -cede, kama precede. Na "procedure" inapoteza e moja ya proceed, kwa hiyo kwa mara nyingine Kifaransa chako kiko sahihi.

Uingereza au Marekani?

Marekani ilijitenga kwa sehemu kubwa kupitia kamusi ya Noah Webster ya 1828, iliyotangaza tahajia kama color na center. Anayesoma Kifaransa ataona upande wa Uingereza unamkaribia: centre, metre, litre, theatre zimeandikwa karibu kama nyumbani. Kwa Zambia, na kwa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo Kongo ilijiunga nayo 2022, andika kwa Uingereza. Kwenye kompyuta chagua lugha ya kukagua tahajia kuwa Kiingereza cha Uingereza. Programu nyingi huja na cha Marekani, na zitakukosoa "labelled" hali hujakosea.

Mkia wa -ise na -ize: Uingereza inakubali yote mawili kwa organise na organize, Marekani inataka z. Lakini advertise, exercise, supervise, advise, revise na surprise zina s popote. Kwa Uingereza, licence yenye c ni hati, license yenye s ni kitenzi. Advice na advise vile vile, na hapa sauti inasaidia: ya kwanza inaishia na s, ya pili na z.

Ratiba ya wiki 6

Wiki ya 1 ni e bubu. Wiki ya 2 ni moja-moja-moja na jozi zake. Wiki ya 3 ni mkazo peke yake, usiichanganye na kitu. Wiki ya 4 ni y na wingi. Wiki ya 5 ni mikia ya Kifaransa, na kama muda upo ipe siku tatu zaidi. Wiki ya 6 ni mikia midogo na marudio.

Kila siku chukua maneno 12. Dakika 10 za kwanza, yagawe kwa kistari na kuyaandika katika safu tatu: shina, mkia, neno zima. Dakika 5, jirekodi kwenye simu ukiyasoma ndani ya sentensi fupi, ukinyamaza sekunde 8 baada ya kila sentensi. Funga kaye. Dakika 5, jifanyie dikte kwa sauti yako mwenyewe. Dakika 5 za mwisho, sahihisha kwa nyekundu na uandike S, F au K kando ya kila kosa. Kama unaye ndugu anayejifunza pia, badilishaneni rekodi. Sauti ya mtu mwingine inafichua makosa ya mkazo ambayo yako inayaficha.

Jumamosi, hesabu herufi. S zikizidi, tatizo lako ni kuandika kwa sikio: nakili maandishi badala ya kufanya dikte kwa siku mbili. F zikizidi, rudi kwenye kurasa za mikia ya Kifaransa. K zikizidi, rudi kwenye kistari, maana umeacha kukichora. Neno lililokosewa mara mbili liingie kwenye orodha ya ukurasa wa mwisho wa kaye, lisitoke humo mpaka uliandike sahihi siku tatu tofauti.

Usijifunze neno baya pembeni ya neno zuri. Waalimu wengi huandika "begining" kwenye tablo kisha wanalipiga mstari, na wiki inayofuata darasa linakumbuka umbo lile lenye mstari. Ukishaona kosa lako, lifute kabisa na uandike neno sahihi mara tatu.

Jaribio la mwisho

Kabla ya kutuma barua yoyote, isome mara moja kutoka neno la mwisho kwenda la kwanza, kidole kikiwa juu ya mkia wa kila neno. Kusoma kinyume kunaivunja maana, na jicho linabaki na herufi tu. Jaribu kwa barua hii yenye makosa 9:

We are refering to the goods shiped on Monday. The truck stoped at Kasumbalesa and the documents were deliverred to the importator. The responsable agent is studing the payement, and we are hopping to hear from you soon.

Sahihi ni referring, K, mkazo uko mwishoni, shipped na stopped, K, moja-moja-moja, delivered, K, mkazo uko katikati, importer, F, responsible, F, studying, K, payment, F, na hoping, K. Kompyuta itakuonyesha nane za kwanza. Ya tisa itaiacha iende zake hadi Ndola, na huko watasoma kwamba bilo yenu nzima inarukaruka kwa mguu mmoja ikisubiri jibu.